Jina, Chombo, na Ulipoangukia

Katika kazi yetu mtu hastaafu, huwa haonekani tu. Siku moja nafasi yake kwenye foleni inakaliwa na mwingine. Wiki inayofuata mtu anauliza, "Hivi yule wa jaketi la kijani yuko wapi?" Anajibiwa kwamba amerudi shamba, au amevunjika nyonga, au ameokoka. Mimi niliamua kustaafu rasmi, kwa sababu nimesoma, na mtu aliyesoma hawezi kuacha kitu bila kutoa hotuba. Hotuba yenyewe mliikatiza pale kijiweni Katandala walipotokea abiria wawili wenye magunia. Mlikimbia wote, hata aliyekuwa ameshika maiki ya kuazima. Basi nimeiandika, wadogo zangu. Karatasi haikimbilii abiria.

Kuhusu kupandishwa cheo sina la kusema. Bodaboda hupanda vilima tu. Mapato nayo tuyaache, tusije tukalia mbele za watu.

Mnaniita Digrii, na wengi wenu mnadhani ni utani. Ni kweli ninayo. Chuo kikuu walinifundisha mipango ya maendeleo, nikapanga maendeleo ya kata, ya wilaya na ya mkoa mzima, nikasahau kupanga yangu. Mradi ulioniajiri ulipofungwa, nilitumia kiinua mgongo kununua pikipiki mpya, bluu, yenye nailoni kwenye siti. Mke wangu aliizunguka mara mbili akauliza, "Hii ndiyo ile ofisi uliyosema?"

Nilifika kijiweni mwezi wa Juni asubuhi, na mnajua Juni ya Sumbawanga: upepo unapita kwenye vifungo vya koti kama una ufunguo. Nilikuwa nimevaa tai. Ndani ya koti nilikuwa na kitabu cha maelekezo ya pikipiki, nilichokisoma chote, pamoja na kurasa za Kichina, ambazo nilizitazama kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa Oktavian, ambaye ni mwenyekiti hadi leo, kwa kuwa kila uchaguzi unapokaribia mvua hunyesha. Alikuwa na koti refu la mvua hata siku za jua, na alikuwa mwalimu wangu katika kila kitu nilichokuja kukijua kazini. Mtu mwenye chombo kipya hakupewa zamu mpaka ajitambulishe mbele ya kijiwe kizima, na Oktavian ndiye aliyeuliza. Maswali yalikuwa matatu.

"Jina?"

Nilitaja jina langu, nikaongeza shahada, na mwaka niliohitimu.

"Chombo?"

Nilianza kusoma kwenye kitabu ukubwa wa injini, ujazo wa tangi na aina ya mafuta. Oktavian aliinua mkono. "Inatosha. Tumeiona, ni ya bluu. Ulianguka wapi?"

"Sijaanguka, mwenyekiti. Nimeinunua jana."

Watu waliguna. Nikaona nimepoteza imani ya umma, nikageuka niiegeshe vizuri pikipiki ili nieleze kwa mikono miwili. Sikuishusha stendi mpaka mwisho. Ilianza kuinama polepole, kwa adabu, nami nikaizuia kwa goti, kisha kwa kifua, kisha kwa mwili mzima uliosoma, mpaka tukalala wote wawili kwenye vumbi, mimi chini, yeye juu, tai yangu ikiwa imenaswa kwenye kioo cha pembeni.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Oktavian aliinama akanitazama usoni.

"Jina tunalo. Chombo tunakijua. Ulipoangukia tumepaona," alisema. "Karibu kijiweni."

Baadaye alinieleza sababu ya swali la tatu. Asiyewahi kuanguka bado anadhani barabara ni ndugu yake. Aliyeanguka anajua ni jirani tu: mnasalimiana, lakini humwachii mtoto. Niliona ni hekima, na bado naona hivyo. Tatizo ni kwamba hekima ikikaa kijiweni muda mrefu huota pembe.

Nisiruke kazi yenyewe. Alinifundisha kuweka gazeti ndani ya jaketi asubuhi za baridi, ukurasa wa michezo kifuani kwa kuwa ndio mnene. Alinifundisha kukata mpira wa tyubu ya zamani uwe kamba ndefu ya kufungia mzigo, maana kamba ya dukani hulegea ukiwa mlimani, na tyubu huzidi kukaza. Kwa mpira huo nimebeba godoro, milango miwili, mbuzi aliyekuwa akinitazama kwenye kioo safari nzima, na kinanda cha kwaya. Hicho kinanda ndicho mzigo mgumu kuliko yote niliyopata. Nilikifunga barabara, lakini fundo likakaa juu ya kitufe, na betri zilikuwemo. Tulipita mbele ya nyumba yenye msiba tukipiga muziki wa harusi. Ukisimama kufungua, unapiga palepale. Ukiendelea, unaonekana umepita kwa makusudi. Niliendelea, nikavua kofia ngumu kwa heshima, jambo ambalo waombolezaji waliliona ni mbwembwe.

Turudi kwenye swali la tatu. Miaka ilivyokwenda, utambulisho ukawa tamasha. Ulihamia Jumapili baada ya misa ya pili, watu wakiwa wengi barabarani, na vijana waliokuja na vyombo vipya walijua kwamba anguko dogo halina hadhi. Hakuna aliyeanguka tena kwenye tope la mtaani. Wote walianguka mteremko wa kwenda Ilemba, kule uwanda wetu unapokatika ghafla kuelekea bondeni. Wote waliserereka hadi ukingoni, wakashika mzizi. Nimehesabu moyoni mizizi hiyo nikajua kwamba mlima ule ni msitu mnene, ingawa ukipita kwa macho unaona mawe.

Aliyeanza mtindo huo ni Oktavian mwenyewe. Yeye alianguka Ilemba na gunia la mpunga, pikipiki ikamtangulia, akaikuta chini inaunguruma, haina hata mkwaruzo. Kila Jumapili aliirudia, na kila Jumapili mlima uliongezeka.

Haji alikuwa mpinzani wake. Huyu ni mtoto wa duka. Baba yake anauza vipuri mjini, na Haji alikuja kijiweni kwa sababu kukaa nyuma ya kaunta kulimpa usingizi. Alibadilisha pikipiki kama wengine wanavyobadilisha soksi, na kila mpya aliitambulisha upya, nailoni ikiwa kwenye siti, na anguko jipya kabisa. Mara ya pili alisema alirushwa akapita juu ya ng'ombe wa kulimia, jozi nzima pamoja na nira.

"Ng'ombe walifanya nini?" niliuliza.

"Waliinama, Digrii. Ng'ombe wa Ufipa wana adabu."

Kulikuwa na kijana mmoja mkweli, ambaye hakuwahi kuanguka na aliona aibu kudanganya. Jumamosi kabla ya utambulisho wake alikwenda uwanja wa mpira, akatandaza nyasi kavu mahali pazuri, akajiangusha. Yeye alitua kwenye nyasi. Pikipiki ikatua kwenye mguu wake. Alijitambulisha mwezi uliofuata kwa magongo, tukampigia makofi kuliko mtu yeyote kabla yake, na mama yake mzazi ndiye pekee aliyetutazama kama tunavyostahili.

Ndipo akaja Leokadia.

Alitokea kijiji cha Kate, mjane, ana binti mmoja sekondari. Aliuza jozi ya ng'ombe wa kulimia aliyoachiwa na mumewe akanunua pikipiki nyekundu. Kaka zake walimwambia ameuza ng'ombe wanaokula nyasi akanunua ng'ombe wa bati anayekula petroli, na wakampa muda: mvua zikiisha hajapata kazi ya kueleweka mjini, arudi nyumbani, bati liuzwe, na binti aache shule aje asaidie shamba. Alitueleza hayo mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayetaja vipimo. Na mjini kwetu bila kijiwe huna kazi ya kueleweka. Ukiegesha popote, wenye eneo wanakufukuza. Ukiibiwa chombo, hakuna wa kukutafutia.

Alisimama Jumapili mbele ya watu, kitambaa kichwani, kofia ngumu kwapani.

"Jina?"

"Leokadia."

"Chombo?"

"Hiki hapa. Chekundu. Kipya. Kabla yake, kwa miaka mingi, niliendesha pikipiki ya zahanati kule Kate, napeleka dawa vijijini."

"Ulianguka wapi, dada?"

"Sijaanguka."

"Miaka yote hiyo ya dawa?"

"Yote. Mahali pabaya nashuka."

Kijiwe kikalipuka. Haji aliketi chini kabisa kwa kicheko. "Anashuka! Jamani, dereva anashuka! Kwa hiyo dada yangu wewe huendeshi, unaitembeza? Unaipeleka malishoni?"

"Nikifika kwenye tope nashuka, naikokota, napanda ng'ambo. Dawa zilikuwa za chupa."

"Na abiria naye utamkokota?"

"Akipenda kufika."

Oktavian alipiga filimbi ya mkutano. Alisema kwa upole, maana ni mtu mpole anapokosea, kwamba kijiwe kina utaratibu wake. Swali la tatu halijajibiwa. Aende akapate uzoefu, akianguka arudi, tutampokea kwa mikono miwili.

"Nikianguka na abiria je?" Leokadia aliuliza. "Mtampokea na yeye?"

Mimi nilikuwa katibu, nimesoma maendeleo ya wanawake muhula mzima, na nilisimama. Niliongea kuhusu mila, muktadha na ushirikishwaji. Nilipofika kwenye ushirikishwaji Haji alisema, "Digrii, kaa, tutakushirikisha kwenye chai," na wote wakacheka, nami nikacheka kidogo ili nisibaki peke yangu. Hoja yangu iliishia hapo.

Leokadia hakuondoka. Alivuka barabara, akaegesha upande wa pili, mkabala na sisi, mahali ambapo si pa kijiwe chochote kwa sababu pana shimo la maji machafu. Alikaa hapo asubuhi hadi jioni. Tulimcheka kwa zamu, kama kazi nyingine zote za kijiweni. Abiria walipomwendea, vijana walipiga honi na kuwaita, "Mama, huyo anatembea! Njoo kwa wanaume!" Wengi walirudi. Tope la masika likazidi, na mvua, kama alivyohesabu yeye na kaka zake, zilikuwa zinaelekea mwisho. Jioni moja nilimwona akimwambia binti yake, aliyekuja na sare ya shule, asifungue begi jipya la madaftari, huenda likarudishwa dukani.

Sasa, jirani na kijiwe, chini ya mwavuli uliopauka, Bibi Gaudensia aliuza togwa. Ni mama mzazi wa Oktavian. Alikuwepo kila Jumapili ya utambulisho, amekaa nyuma ya ndoo yake, hasemi kitu, na sisi tulidhani hasikii. Mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na alipotoka hospitali daktari alimwonya asitikiswe hata kidogo. Alitoka na jicho limefunikwa, akaja hadi kijiweni kwa miguu, akitafuta wa kumpeleka nyumbani. Kwake ni nje ya mji, njia ya udongo, gari haliingii masika.

Oktavian alikuwa ameshapangusa siti. "Panda mama, twende taratibu."

Bibi alisimama. "Na wewe sipandi."

"Mama?"

"Wewe ulianguka Ilemba. Na mpunga. Nimekusikia kwa masikio haya, Jumapili hadi Jumapili."

Tulikuwa wengi pale, na asubuhi ilikuwa tulivu. Oktavian alitazama kulia na kushoto, akapunguza sauti. "Mama, ile ni hadithi tu ya kijiweni."

"Hukuanguka Ilemba?"

"Sijawahi hata kufika Ilemba na mpunga, mama."

Haji aligeuka akaanza kukagua mnyororo wa pikipiki yake kwa makini sana.

"Basi ulianguka wapi?" aliuliza bibi, na sauti yake ilikuwa ileile ya mwanawe siku za mkutano, nikajua mwenyekiti aliirithi wapi.

"Pale mashineni. Nilikuwa nimebeba unga wako."

"Ule uliosema uliibiwa?"

Oktavian aliipangusa siti tena.

"Kwa hiyo," bibi alisema, "ama wewe ni mwangukaji, ama wewe ni mwongo, na sasa naona ni vyote. Mimi na jicho langu hatupandi na yeyote kati ya hao." Akanigeukia mimi. "Wewe Digrii nilikuona unaanguka ukiwa umesimama. Haji nimemsikia anaruka ng'ombe. Yule wa magongo Mungu amponye. Nani hapa hajaanguka?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Miaka mingi tulikuwa tumejitangazia kwa sauti, siku ya watu wengi kuliko zote, kwamba sisi ni watu wa kuanguka, tukashangaa abiria wanabishana nauli.

Bibi Gaudensia alivuka barabara, mkono mmoja umefunika jicho. Tulisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe ambaye hujaanguka?"

"Bado, mama."

"Haya, nipeleke kabla hujaanguka."

Waliondoka taratibu mno, na sisi tukasimama kuwatazama kama tunaangalia mechi. Mwisho wa mtaa kuna lile bonde la tope mnalolijua, tunalolipita kwa kasi huku abiria wakitaja watakatifu. Leokadia alisimama. Akashuka. Akakunja suruali, akashika usukani, akaikokota pikipiki ndani ya tope akimwacha bibi juu, na bibi alikaa wima kama askofu anayeingia parokiani. Upande wa pili akapanda, wakapotea. Hakuna aliyecheka. Nilikumbuka siku yangu ya tai.

Wiki ile walianza kuvuka wengine. Wajawazito kwanza. Kisha masista. Kisha wenye trei za mayai. Kisha baba mmoja mwenye kioo cha kabati, aliyepita mbele yetu sote, akatusalimia vizuri, akavuka. Vijana walipiga honi wakachoka.

Jumapili Oktavian aliitisha mkutano. Sijui kilimgharimu nini. Najua alivua lile koti la mvua, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimwita Leokadia kutoka ng'ambo.

"Jina tunalo," alisema. "Chombo tunakijua." Akakwama hapo, akikohoa. Bibi Gaudensia alikuwa nyuma ya ndoo yake, jicho moja likiwa wazi, na hilo moja lilitosha. "Unaposhukia tumepaona. Karibu kijiweni."

Leokadia alisema asante. Kisha akauliza kama nafasi yake ni ya mwisho kwenye foleni au ya kwanza, kwa kuwa yeye alikuwa amekaa pale masika nzima, ila ng'ambo. Alipewa ya pili, baada ya mwenyekiti. Mvua zilipoisha kaka zake walikuja kutoka Kate kuchukua bati; walimkuta kijiweni, akawabeba mmoja mmoja hadi kwake kwenda kula, akawashusha wote kwenye tope, na huyo binti yake ndiye aliyewatengea ugali wa ulezi akiwa na sare ya shule.

Msidhani tulipata akili. Swali la tatu lilibadilika rasmi likawa "Unashukia wapi?" na katika muda mfupi vijana wakaanza kushindana. Mmoja anashuka kwenye kila daraja. Mwingine alishuka mteremko wote wa Ilemba kwa miguu, pikipiki begani. Wa tatu alisema yeye anashuka hata kwenye lami, kwa tahadhari. Binadamu haachi kujisifu, hubadilisha tu mzigo, na mpira wa kufungia ni uleule.

Nafika mwisho. Mgongo wangu ulianza kunieleza mambo ambayo chuo hawakufundisha, nikauza ile pikipiki ya bluu, nikatoa hotuba mliyoikatiza. Siku hiyohiyo Haji alitambulisha nyingine mpya, nyeusi, nailoni kwenye siti, na akatoa maelezo marefu kuhusu mahali anaposhukia. Alisema siku hizi amekua.

Kwa kuwa sikuwa na usafiri, Leokadia alinipeleka nyumbani. Mimi ni abiria mbaya. Nilikanyaga breki ambazo hazipo njia nzima. Tulipofika kwenye bonde la tope alizima injini.

"Shuka, Digrii."

"Nimevaa viatu vya kustaafia."

"Shuka."

Nikashuka. Tope lilinifika kwenye soksi. Nilikuwa katikati, nimeshika siti kwa nyuma nikisukuma, zawadi yenu ya thamosi imening'inia shingoni, niliposikia honi.

"Digrii!" Haji alikuwa anakuja kwa kasi, anacheka kabla ya kufika. "Siku ya kwanza chini, siku ya mwisho chini! Umeanguka?"

"Nimeshuka!" nilipaza sauti.

Alitupita, akageuza shingo ili atucheke vizuri zaidi, na gurudumu la mbele likaingia palipo na kina. Sikuona ng'ombe hata mmoja akiinama. Pikipiki nyeusi ililala, Haji akalala mbele yake, na nailoni ya siti, lazima niseme, ilifanya kazi yake.

Leokadia aliegesha chombo chake ng'ambo, akashusha stendi mpaka mwisho, akarudi hadi ukingoni. Alimtazama Haji akijitoa kwenye tope mkono mmoja mmoja.

"Jina tunalo," alisema. "Chombo tunakijua. Ulipoangukia tumepaona."

Akampa mkono.

"Karibu kijiweni."